Tulimfuata Hadi Hispania

Habari zilinifikia Jumapili baada ya ibada, katika ukumbi wa kanisa letu Thornton Heath, nikiwa nakusanya vikombe vya chai. Mzee mmoja wa Uvira, aliyeoa Mwingereza, alikuwa amerudi kutoka likizo Hispania. Alinivuta kando karibu na jiko.

"Mama, yule mdogo wako aliyepotea vitani, alikuwa na kovu usoni?"

Niliweka trei chini. Nikamwambia ndiyo, juu ya jicho, alipigwa na mpini wa jembe akiwa mtoto.

"Basi nimeona mtu," akasema.

Alinieleza kwamba yeye na mkewe walipanda basi la watalii kwenda kutembelea kijiji cha kale, juu mlimani, ambako nyumba zote zimepakwa chokaa. Mbele ya mkahawa mmoja alimwona mwanamume mweusi akishusha makreti ya soda, huku akiimba polepole wimbo wa kanisani, wa kwetu kabisa, kwa Kiswahili. Akamsalimia. Yule mtu akaitikia, akasema anatoka Kivu. Halafu basi likapiga honi.

"Hukumuuliza jina?"

"Basi lilikuwa linaondoka, mama."

"Na kovu, liko upande gani?"

Alifikiri. "Kushoto," akasema. Kisha akasema, "Au kulia. Lakini kovu lipo."

Kovu la mdogo wangu lilikuwa upande wa kulia. Nililichukua lile neno lake la pili, la kwanza nikaliacha palepale jikoni.

Tulitengana naye siku vita vilipoingia Bukavu. Mimi na mke wake tulikimbilia ziwani pamoja na majirani. Yeye alisema tutangulie, anarudi kumchukua mama. Mama alikuwa ameshachukuliwa na watu wa mtaa wake, akafichwa, akapona. Mdogo wangu hakufika kwa mama, wala hakurudi kwetu. Kati ya nyumba ya mama na ufuo wa ziwa hapakuwa hata mwendo wa saa moja, na katika mwendo huo ndimo alimopotelea. Hakuna aliyemwona ameanguka, na hakuna aliyemwona akipita.

Mimi na wifi yangu tulihangaika pamoja, kambini kwanza, kisha kwingine, mpaka tukafika Londoni. Tulipopata karatasi zetu za ukaaji Croydon, baada ya miaka ya kuitwa na kurudishwa, tulikuwa tumeshazoea kuishi kama watu wa tumbo moja. Tulikaa katika fleti ndogo juu ya duka la nywele. Mimi nilisafisha ofisi alfajiri, yeye alihudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee. Kila Jumamosi tulinunua kadi ya simu tukampigia mama, kwenye simu ya jirani yake. Mama hakuanza na salamu. Alianza na, "Mmesikia nini?"

Mwaka ule kulikuwa na jambo lingine nyumbani. Fundi wa mabomba mmoja, aliyefiwa na mkewe, mtu wa kanisani kwetu, alitaka kumwoa wifi. Alikuja kwangu kwa adabu, na suti yake, kwa kuwa huku Uingereza ukoo wote wa mume ulikuwa mimi. Nilimwambia mke wa mtu haposwi. Aliinama, akasema atasubiri. Wifi alikuwa jikoni akisikia yote. Alikuwa hajazaa, na umri ulikuwa unakwenda. Tulilijua hilo wote wawili, na hakuna aliyelitaja.

Jioni ya Jumapili ile nilimngoja atoke kazini. Nilimweleza akiwa bado anavua viatu. Alitulia na kiatu kimoja mkononi.

"Alikuwa anaimba wimbo gani?" akauliza.

Sikuwa nimeuliza.

"Yeye haimbi," wifi akasema. "Hajawahi kuimba. Kanisani alikuwa anafungua mdomo tu."

"Mtu akipata taabu hujifunza kuimba," nikamjibu.

Akavua kiatu cha pili. "Twende," akasema.

Tulikwenda mwezi wa pili, wakati wa baridi, kwa sababu ndipo safari zilipokuwa rahisi. Msimamizi wangu alininyima ruhusa, nikaondoka hivyo hivyo, na niliporudi nilikuta mtu mwingine ameshika ufagio wangu. Tulifikia hoteli ya pwani iliyojaa wastaafu wa Kiingereza. Tuliuliza kama kuna gari la abiria la kwenda kule kijijini tukaambiwa maneno mengi ambayo hatukuyaelewa. Njia iliyokuwa wazi kwetu ilikuwa ileile ya yule mzee: basi la watalii, kwenda asubuhi na kurudi jioni.

Barabara ilipanda ikijipinda ukingoni mwa mabonde. Wenzetu walipiga picha za miti ya milozi, iliyokuwa imetoa maua meupe na mengine ya waridi bila jani hata moja. Mimi niliona milima tu, nikawaza jinsi mtu wa Bukavu angeipenda. Moyo wangu uliichukua hata milima kuwa ushahidi. Nilikuwa nimembebea koti zito, soksi, na chupa ya pilipili niliyoisaga mwenyewe. Wifi alikaa dirishani, mikono juu ya mapaja, kama mtu anayengoja kuitwa na daktari.

"Ukimwona utasema nini?" nikamuuliza.

"Sijui. Wewe ndiye utasema kwanza."

Kijiji kilikuwa kimeng'ang'ania mgongo wa mlima. Nyumba zilikuwa nyeupe kiasi cha kuumiza macho, zimebanana, na juu yake kabisa palikuwa na magofu ya ngome. Vichochoro vilikuwa vya ngazi, vimetandikwa vijiwe vyeusi na vyeupe kwa nakshi, na kwenye kuta vilining'inia vyungu vya maua. Mwongozaji wetu, binti aliyejua Kiingereza vizuri, alitusimamisha mbele ya kanisa akatueleza kwamba limejengwa juu ya msingi wa msikiti. Watu waliojenga kijiji kile, alisema, walikuwa Waislamu waliokaa pale mamia ya miaka. Walipoasi walishindwa, wakafukuzwa wote, na nyumba zao wakapewa watu walioletwa kutoka mikoa mingine.

Sikuwa nimekuja kusikiliza historia, lakini mdomo wangu ulifunguka wenyewe.

"Walikwenda wapi?"

"Wengi walivushwa kwenda Afrika," akasema. "Wengine haijulikani." Kisha akatuonyesha mnara wa kengele, akatuambia basi litaondoka saa kumi na halitamsubiri mtu.

Wenzetu walitawanyika kutafuta kahawa. Sisi tukaanza kazi yetu.

Nilikuwa na picha ya harusi, mdogo wangu amesimama na wifi. Tuliingia duka la vyungu, duka la asali, duka la mikate. Hatukuwa na Kihispania, nilikuwa na Kifaransa changu cha shule, na hakuna aliyekitaka. Watu walitazama picha, wakatazama nyuso zetu, wakatikisa vichwa kwa huruma. Mkahawa alioutaja mzee tuliukuta umefungwa, viti vimepinduliwa juu ya meza. Niligonga mlango mpaka viganja vikaniuma. Mzee mmoja alifungua dirisha la ghorofani, akasema jambo, akalifunga.

Mvua nyembamba ilianza. Tuliteremka kichochoro tulichokuwa tumekipanda, tukapanda kingine, tukajikuta tumerudi mbele ya kanisa. Nikaanza kuwasimamisha watu njiani. Nilimshika mkono mama mmoja aliyevaa nguo nyeusi, akaogopa, akakumbatia mkoba wake. Wifi alinivuta.

"Wifi, unawatisha."

"Basi waogope," nikasema. "Mtu hawezi kukaa mahali padogo namna hii asijulikane."

Ndipo mama mwenye lile duka la vyungu akatoka mlangoni akatuita kwa mkono. Aliomba picha tena. Alimtazama mdogo wangu, akamtazama wifi ndani ya picha, kisha akamtazama wifi aliyesimama mbele yake akilowa. Akaweka kiganja kifuani. "Sí, sí," akasema, ndiyo kwa Kihispania, na akaelekeza kidole juu, kwenye ngome.

Baadaye nilielewa kwamba mama yule alijua mtu mweusi mmoja tu katika kijiji kile, na picha yoyote ya mtu mweusi ingekuwa yeye. Wakati ule sikuelewa hilo. Nilipanda ngazi zile nikikimbia na mfuko wenye lile koti ukinigonga miguuni, nikilia na kumshukuru Mungu kwa sauti. Nyumbu wa mizigo aliyebeba mifuko ya saruji alikuwa mbele yangu kwenye kichochoro, nikajipenyeza kati yake na ukuta.

Huko juu mafundi walikuwa wanatengeneza ukuta wa ngome uliobomoka. Mmoja wao, mwembamba, mrefu, alikuwa amenipa mgongo, anakoroga udongo na chokaa kwa sepetu. Urefu ulikuwa wa mdogo wangu. Shingo ilikuwa yake.

Wifi alinifikia, akasimama.

"Siye," akasema.

"Hujamwona uso."

"Nimemwona anavyoinama. Siye, wifi."

Niliita jina la mdogo wangu. Yule mtu hakugeuka. Niliita tena, kwa sauti ile tuliyokuwa tukiitia watoto waliokwenda kuchezea mbali, na safari hii mafundi wote waligeuka, naye pia.

Kovu lilikuwa shavuni, refu, upande wa kushoto. Alikuwa na umri mdogo kuliko mdogo wangu, kwa miaka mingi. Macho hayakuwa yake, pua haikuwa yake. Niliona hayo yote mara moja, na bado nilimwendea, nikamshika uso kwa mikono miwili, nikawa nafuta chokaa kwenye nyusi zake kwa kidole gumba, natafuta juu ya jicho la kulia. Aliniacha. Hakurudi nyuma wala hakuuliza. Nilipomaliza kutafuta alisema kwa Kiswahili cha kwetu, taratibu, "Pole, yaya."

Yaya. Kwetu ndivyo mtu anavyomwita dada yake mkubwa. Hakuna mwingine aliyekuwa akiniita hivyo, ila mmoja. Nilikaa chini kwenye matope.

Alituongoza mpaka kibanda cha vifaa ili tupate pa kujikinga na mvua. Alitumegea mkate wake na dagaa wa kopo. Alituambia kwao ni mji wa Baraka, alipoteza watu wake wakiwa njiani, akapita nchi ambazo hakutaka kuzitaja, akavuka bahari. Siku zingine anabeba makreti pale mkahawani, siku zingine anabeba mawe. Ndiyo, alimkumbuka mzee aliyemsalimia. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia Kiswahili kwa muda mrefu sana, na usiku ule hakulala.

Mimi nilikuwa simsikilizi. Nilikuwa nawaza Jumamosi, nawaza sauti ya mama ikiuliza, "Mmesikia nini?" Nilitoa simu ya mkononi.

"Mdogo wangu," nikamwambia, "mama yangu amezeeka. Masikio yake hayasikii vizuri. Nitampigia sasa hivi. Wewe mwambie tu, mama, nipo hai. Usiongeze neno."

Aliangalia simu. Akamwangalia wifi, kama anayeuliza kama nina akili timamu. Wifi alikuwa ameinamisha uso.

"Halafu siku nyingine akiomba kuongea nami, nitamwambia nini?" akauliza.

"Siku nyingine nitajua mimi."

"Hapana, yaya."

Nilimpigia magoti. Ndani ya kibanda kile, kati ya ndoo na makoleo, nilimpigia magoti kijana nisiyejua jina lake, nikamwambia ana roho mbaya, nikamwambia mama yangu atakufa na itakuwa juu yake. Alichuchumaa mpaka macho yetu yakawa sawa.

"Sikia," akasema. "Hata mimi nina mama, sijui kama anaishi. Kama sasa hivi kuna mtu huko anampigia akijifanya mimi, siku nitakayompata kweli, hataniamini. Usinifanye nimfanyie hivyo mama wa mtu."

Hapo nikashindwa. Nilificha uso wangu katika lile koti nililolileta.

Niliwasikia wakiongea juu ya kichwa changu, yeye na wifi. Alimuuliza kama huko Londoni hatujakutana na msichana fulani, mtoto wa dada yake, mfupi, mwenye mwanya, hodari wa kusuka. Alisikia kwamba alifika Uingereza. Wifi alisema hamjui. Lakini alimuuliza vizuri, kama anavyowauliza wazee wake kazini: jina la msichana, jina la dada, jina la mama yake na kanisa alilosali, mtaa gani huko Baraka, karibu na nini. Aliandika namba ya simu ya kijana kiganjani mwake kwa kalamu, akampa yake na yangu.

Tulichelewa. Yule kijana alitusindikiza akinishika mkono kwenye zile ngazi zilizolowa. Basi lilikuwa linanguruma na mwongozaji amesimama mlangoni amekunja uso. Nilipofika kwenye mlango nilishindwa kupanda. Niliona kwamba nikipanda, nitakuwa nimekubali. Nilishika chuma cha mlango, nikasema siendi, nitakaa hapa, labda yuko kijiji kingine, vijiji vipo vingi. Wazungu wote walikuwa wanatazama. Wifi alinibandua vidole kimoja kimoja, wakaninyanyua, yeye na kijana, kama watu wanaopandisha mgonjwa. Bibi mmoja wa Kiingereza aliyekuwa kiti cha mbele alinipa leso yake ya kitambaa bila kusema neno.

Koti, soksi na pilipili vilibaki na yule kijana. Nilimwona dirishani ameliweka koti begani, hajalivaa.

Tulipofika barabara ya chini nikamgeukia wifi. Nilitafuta neno la kumuumiza.

"Umefurahi," nikamwambia.

Aligeukia kioo cha dirisha kilichojaa ukungu.

"Nilipoona siye, nilishusha pumzi," akasema. "Kisha nikaona aibu kwa ile pumzi. Hiyo ndiyo kweli, wifi. Kama angekuwa yeye, ningemwendea vipi? Nilimwacha Bukavu nikiwa msichana." Akafuta kioo kwa kiganja, kisha akakumbuka ile namba, akaangalia kama haijafutika. "Nimechoka kuwa mke wa kutazama barabara."

Hatukuongea tena mpaka hotelini, na siku zilizobaki tuliongea mambo ya funguo na chakula tu.

Jumamosi tulikuwa Londoni. Nilimpigia mama. Sikuweza kumficha, nilimwambia kwamba tulisikia habari, tukaenda mbali, tukakuta mtu mwingine.

"Huyo mtu ana mama?" akauliza.

"Anaye. Hajui kama yu hai."

"Anaitwa nani, huyo mama?"

Sikujua. Nilikuwa nimefunika uso kwa koti wakati jina linatajwa, sikulishika. Wifi alichukua simu mkononi mwangu, akamtajia mama majina yote, akamtajia kanisa na mtaa. Nilimsikia mama upande wa pili akiyarudia moja moja.

Mama hakuweza kumpata mwanawe, lakini alimpata yule mwanamke wa Baraka, mama yake kijana. Ilichukua muda, kupitia akina mama wa kanisa waliokuwa wakishuka Uvira kufanya biashara ya samaki wakavu. Siku moja simu yangu ililia nikiwa kwenye foleni ya ofisi ya kutafuta kazi Croydon, na alikuwa yule kijana wa Hispania. Hakuweza kuongea vizuri. Alisema ameisikia sauti ya mama yake. Akasema asante, yaya, asante, akarudia mpaka akakwama. Nilimwambia Mungu ni mwema. Nilikata simu, nikaingia chooni, nikajifungia, nikalia kwa hasira mpaka mlinzi akaja kugonga. Alichopewa yeye kilikuwa kile nilichokipigia magoti mimi, na kilitoka mikononi mwa mama yangu mwenyewe.

Mambo ya wifi aliyamaliza mama vilevile, kwa simu. Nilimpendekezea tuweke matanga, tumlilie mdogo wangu bila mwili kama wengine walivyofanya, ili wifi awe huru. Mama alikataa.

"Mimi silii mtu ambaye sijaonyeshwa amekufa," akasema. "Lakini huyo binti asimngoje tena. Nitamngoja mimi. Mpe simu."

Sijui walichoongea. Wifi alisikiliza amesimama, akiitikia "ndiyo mama, ndiyo mama," na machozi yakimdondokea kwenye sare ya kazi.

Aliolewa na yule fundi wa mabomba. Nilipika siku ya harusi, nikasimama upande wa bibi harusi, na watu wakanisifu kwa moyo wangu mkubwa. Alihamia Stanmore, karibu na nyumba mpya ya wazee alikopata kazi, na baadaye akajaliwa mtoto wa kike. Mtoto huyo ananiita shangazi, ingawa kwa hesabu za ukoo mimi si shangazi yake. Mama alifariki akiwa bado anangoja.

Nilipata kazi nyingine ya usafi, Croydon ileile. Asubuhi ndani ya tramu, akipanda mwanamume mrefu mwembamba, mimi husogea mpaka nimwone uso. Wengine hukasirika. Mmoja aliniuliza kwa Kiingereza kama namdai kitu. Nilimwambia samahani, nikateremka kituo kilichofuata, nikaenda kwa miguu kwenye mvua mpaka kazini.